Kukausha na Kuivisha Rangi za Fulana: Mwongozo wa Mchapaji wa Kilwa na Lindi

Fulana iliyochapwa kwa rangi ya maji haiharibikii juani, huharibikia kwenye beseni. Ilitoka kwenye skrini ikiwa safi, ikaanikwa, ikaguswa kwa kidole na kidole kikatoka kikavu, mteja akalipa akaenda zake. Wiki ya pili anarudi nayo mkononi: maandishi yamepauka, kingo za picha zimeliwa, na maji aliyofulia yalibadilika rangi. Aliyeichapa huilaumu rangi, au humlaumu muuzaji wa Kariakoo aliyemuuzia kopo. Mara nyingi kopo halina kosa. Rangi ilikauka lakini haikuiva, na kukauka na kuiva ni kazi mbili, kila moja na wakati wake na joto lake.

Nakuandikia wewe unayechapa fulana Kilwa Masoko, Kivinje, Nangurukuru, Lindi mjini au Ruangwa, ukiwa na fremu mbili tatu, meza, pasi, na pengine mashine ndogo ya kubana kwa joto, ile tunayoiita hiti presi. Unachapa za harusi na mahafali, za vikundi vya BMU vya wavuvi, za mashabiki wa Namungo, na za wageni wanaovuka kwenda Kilwa Kisiwani kutazama Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa kwa ajili ya watu wenye chumba kikavu, kiyoyozi na umeme usiokatika. Pwani yetu ina unyevu, ina pepo za majira, ina visima vyenye maji ya chumvichumvi, na ina siku ambazo TANESCO hawapo. Njia inayofaa hapa ni ile inayoyahesabu hayo yote tangu mwanzo.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Ninaposema rangi ya maji sisemi ile ya kupaka ukutani. Rangi ya ukutani ikipigwa kwenye fulana inakuwa ngumu, inapasuka kitambaa kinapovutika, na hakuna pasi itakayoiokoa. Ninasema rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya nguo, inayooshwa kwenye skrini kwa maji kabla haijakauka. Wala sisemi plastisoli, ambayo haikauki kwa hewa hata ikiachwa mwezi mzima, kwa kuwa haina maji ya kupotea na hutegemea joto peke yake.

Kinachotokea ndani ya rangi

Ndani ya kopo kuna vitu vitatu vikubwa: maji, pigmenti ambayo ndiyo inayoleta rangi yenyewe, na bainda. Bainda ni gundi, mara nyingi ya akriliki, iliyotawanyika ndani ya maji kwa chembe ndogo sana. Pigmenti haina uwezo wa kushika uzi wa pamba, inamtegemea bainda aishike kwa niaba yake. Maji yanapoondoka, chembe za bainda zinasogeleana mpaka zinagusana, na hapo kidole chako kinakuambia rangi imekauka. Joto likipanda vya kutosha, chembe zile zinalainika, zinaungana na kuwa utando mmoja unaozizunguka nyuzi za kitambaa na kuifungia pigmenti ndani. Hapo ndipo rangi imeiva. Kabla ya hapo, maji ya sabuni yanapenya katikati ya chembe na kuzing'oa kidogo kidogo, kila ufuaji ukichukua sehemu yake.

Rangi nyingi za maji za fulana huiva kwenye nyuzijoto 150 hadi 160 za Selsiasi, kwa dakika 2 hadi 3, na nyingine hutaka hadi dakika 5. Soma kopo lako, maana mtengenezaji ndiye anayejua alichoweka humo. Lakini soma ukijua kuwa namba hizo ni za rangi yenyewe. Si za uso wa pasi, wala si za kioo cha presi. Na dakika zinaanza kuhesabiwa pale rangi inapofika kwenye joto hilo, si pale unapofunga mashine.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayowaangusha wengi, na sababu yake ni maji. Hapa pwani, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 100. Maadamu rangi au kitambaa kina maji, joto lake halivuki sana hapo hata ukilishindilia moto. Ni sawa na sufuria ya mihogo, ambayo haiungui chini mpaka maji yaishe. Joto lote unalolitoa linatumika kugeuza maji kuwa mvuke. Kwa hiyo ukiiweka fulana mbichi chini ya presi kwa dakika 2, huenda dakika nzima au zaidi ikaishia kwenye kukausha, na muda uliobaki hautoshi kuivisha. Mashine imesema 160, saa imesema dakika 2, na rangi haijaiva.

Kitambaa nacho huficha maji. Pamba hunywa unyevu wa hewa bila kuonekana imelowa. Katika hewa ya wastani hubeba maji kiasi cha asilimia 7 au 8 ya uzito wake, ambayo kwa fulana ya gramu 180 ni kama gramu 14, na siku za mvua hubeba zaidi. Ndiyo maana ninasisitiza hatua mbili zilizotengana kabisa: kausha kwanza kwa upepo na jua mpaka maji mengi yaondoke, kisha ivisha kwa moto. Upepo haulipiwi LUKU. Moto unaoulipia usiupoteze kwa kazi ambayo upepo ungeifanya bure.

Jua, upepo na majira yetu

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni kama jua la Kilwa, kali kama lilivyo, haliwezi kuivisha lenyewe. Haliwezi. Fulana nyeusi juu ya bati la moto saa saba mchana inaweza kufika nyuzijoto 60 au 70, na inachoma mkono kweli, lakini hiyo haifiki hata nusu ya 160. Jua linakausha vizuri sana, na kazi yake inaishia hapo, isipokuwa kama umeongeza fiksa, ambayo nitaieleza mbele.

Sehemu kubwa ya mkoa wa Lindi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Mei. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Septemba, ndiyo rafiki wa mchapaji: hewa ina nafuu, mvua ni adimu, upepo ni wa kutegemewa. Bahati mbaya fedha za mkoa huu hazifuati ratiba hiyo. Mnada wa korosho huanza Oktoba, watu wanashika pesa, harusi zinapangwa, oda zinamiminika, na ghafla umefika Desemba una fulana mia za kukausha huku mawingu yamefunga. Kama unaweza kuzungumza na mteja mapema, mwambie achague mchoro mwezi wa Septemba. Kama haiwezekani, ongeza siku kwenye ahadi yako ya kukabidhi kazi. Kuahidi siku 3 wakati wa mvua kwa kuwa ulizimudu wakati wa kusi ndiko kunakozaa fulana mbichi.

Siku nayo ina majira yake. Unyevu wa hewa huwa mwingi zaidi alfajiri na hupungua kadiri jua linavyopanda, mpaka mapema alasiri. Tumia hilo. Chapa asubuhi, kuanzia saa moja hadi saa nne, wakati rangi haikauki upesi juu ya skrini, kisha anika wakati jua na upepo vimeshika kasi. Ingiza ndani kabla ya magharibi. Fulana iliyokauka vizuri saa tisa ikaachwa nje mpaka usiku itakunywa umande, na kesho yake utaanza upya bila kujua.

Usianike ufukweni, hata kama upepo ni mzuri. Upepo wa bahari hubeba chumvi, chumvi hukaa kwenye kitambaa, na chumvi huvuta unyevu. Rudi nyuma ya nyumba, mahali upepo unapopita lakini umechujwa na miti au kuta. Anika kwa henga au laza juu ya wavu safi, picha ikitazama juu, fulana zisigusane. Vumbi la barabarani likiingia kwenye rangi mbichi halitoki tena.

Skrini yenyewe inataka kinyume cha yote haya. Ikae kivulini, mbali na mlango wenye upepo, mbali na feni. Rangi ikikauka ndani ya matundu ya wavu, picha zinazofuata zinatoka na mapengo, na wachapaji wengi huishia kubonyeza kwa nguvu zaidi, jambo linaloharibu kingo. Kila baada ya kuchapa, vuta rangi ikafunika picha yote juu ya wavu bila kubonyeza, ili matundu yabaki yamelowa wakati unabadilisha fulana. Weka chupa ya kunyunyizia maji karibu. Kwenye joto la Januari, ongeza dawa ya kuchelewesha kukauka kama mtengenezaji wako anayo, kwa kipimo chake tu, kwa kuwa kilichochelewesha kukauka kwenye skrini kitachelewesha pia kwenye fulana.

Na maji ya kunyunyizia na kuzimulia rangi yasitoke kisimani kama kisima chako kina chumvi. Chumvi huzifanya chembe za bainda zigandamane kabla ya wakati wake, na rangi inakuwa na mabonge. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Kinga maji ya mvua, chuja, hifadhi kwenye dumu safi la kazi hii peke yake. Lita 20 za maji ya mvua zinatosha kuzimulia na kunyunyizia kwa muda mrefu sana.

Kuhusu uchanganyaji nina neno moja zito. Ukinunua bainda na pigmenti kando kando na kuchanganya mwenyewe, usiongeze pigmenti ili picha iwe kali. Asilimia 5 hadi 8 ya uzito inatosha kwa rangi nyingi, na nisingevuka 10. Pigmenti ikizidi, bainda haitoshi kuishika yote, na ile ya ziada itatoka kwenye sabuni hata ukiivisha kwa saa nzima. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu itakuokoa kuliko jicho.

Moto wa kuivishia

Pasi ya umeme ndiyo wengi tunayoanzia, na inaivisha vizuri ikitumiwa kwa uvumilivu. Nukta za kwenye pasi zina maana: nukta moja ni hadi nyuzijoto 110, mbili ni hadi 150, tatu ni hadi 200. Kwa pamba weka kati ya mbili na tatu, karibu zaidi na tatu. Funga mvuke kabisa na mwaga maji yaliyo ndani. Weka karatasi ya kuokea au kitambaa chembamba cha pamba kati ya pasi na picha, bonyeza mahali pamoja bila kusugua, kisha hamia panapofuata. Weka kadibodi ndani ya fulana rangi isipenye upande wa pili. Ukimaliza mbele, geuza fulana nje ndani na upige tena kwa nyuma, ili joto liifikie rangi iliyozama kwenye nyuzi.

Sasa piga hesabu, maana hapa ndipo watu wanapojidanganya. Picha ya sentimita 25 kwa 30 ina sentimita za mraba 750. Pasi ya kawaida inabonyeza kama 150 kwa wakati mmoja. Hiyo ni mikao mitano, na kila mkao unahitaji dakika 3, jumla dakika 15 kwa fulana moja. Oda ya fulana 40 ni saa 10 za kusimama. Hakuna anayesimama saa 10 akibonyeza kwa moyo uleule. Fulana kumi za kwanza zitaiva, ishirini za mwisho zitapitiwa juu juu, na hizo ndizo zitakazorudi. Kwa maoni yangu pasi ni ya oda zisizozidi fulana 10. Zaidi ya hapo, tafuta presi au fiksa, au vyote viwili.

Presi ya meza ya sentimita 38 kwa 38 inafunika picha nzima. Ukiweka dakika 2 za joto na dakika moja ya kutoa na kuweka, fulana 40 zinakwisha kwa saa 2. Mashine nyingi za ukubwa huo hula wati 1,400 hadi 1,800, kwa hiyo saa 2 hizo haziwezi kuzidi uniti 3.6. Pasi ya wati 1,000 kwa saa 10 inaweza kukaribia 10. Linganisha mwenyewe kabla ya kusema presi inakula umeme. Nyumba ambayo nyaya zake ni za zamani imwite fundi umeme kwanza, kwa sababu soketi dhaifu huyeyuka ikiendeshwa saa nyingi mfululizo.

Namna ya kuitumia kwa rangi ya maji ni tofauti na ya stika. Weka 160. Kabla ya kuchapa, bana fulana tupu kwa sekunde 5, unyevu uliojificha utoke na vinyweleo vilale. Chapa, kausha kwa upepo, kisha iweke chini ya presi na uiache wazi, sahani ya moto ikining'inia sentimita chache juu ya picha kwa nusu dakika. Hapo mvuke wa mwisho unapata njia ya kutokea. Ukiona mvuke bado, subiri. Ndipo uweke karatasi ya kuokea na kubana kwa mkandamizo mwepesi sekunde 30, fungua mvuke upumue, bana tena mpaka ufikishe dakika 2. Presi ikifungwa juu ya rangi mbichi, mvuke unakosa pa kwenda na kuinua rangi malengelenge, au rangi inahamia kwenye karatasi. Presi za bei nafuu mara nyingi zina pembe zisizopata joto sawa na katikati, basi zungusha fulana katikati ya muda.

Pasi ya mkaa haijafa, na umeme ukikatika katikati ya oda utaitafuta. Haina kidhibiti joto, kwa hiyo jaribu kwa tone la maji. Tone likichemka na kukauka papo hapo, pasi ina moto wa kazi. Tone likiteleza na kukimbiakimbia juu ya chuma bila kukauka upesi, pasi imefika karibu nyuzijoto 200 au imezidi, iache ipoe kidogo, vinginevyo pamba nyeupe itageuka ya njano. Ondoa majivu mara kwa mara. Ifanyie kazi uwanjani au kwenye baraza lililo wazi. Hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa inaua bila harufu ya kukutahadharisha, na hilo silisemi kwa kutia chumvi. Kutundika fulana juu ya jiko la mkaa sikushauri kabisa: upande mmoja unaungua na mwingine haupati hata nyuzijoto 80.

Bunduki ya hewa moto, ile ya mafundi, ni nzuri kwa kukausha kati ya rangi na rangi, hasa unapopiga nyeupe mara mbili juu ya fulana nyeusi. Hewa yake mdomoni inavuka nyuzijoto 300, kwa hiyo ishike mbali kama sentimita 15 na usiisimamishe. Kausha mpaka isinate kidoleni tu, kisha piga rangi ya pili. Kuivisha picha nzima kwa chombo hicho ni kubahatisha.

Usiazime tanuri la mikate. Linafika 160 kwa urahisi na wazo linavutia, lakini mvuke wa rangi na dawa zake hauna nafasi mahali panapookwa chakula cha watu.

Fiksa ni nini, na inafaa lini

Fiksa ni dawa inayoongezwa kwenye rangi ili chembe za bainda zifungane bila kuhitaji moto mkali. Kwa mchapaji wa pwani asiye na umeme wa uhakika, ninaiona kuwa mkombozi, na nashangaa wengi wanaiona gharama. Kipimo cha kawaida ni asilimia 2 hadi 3, yaani gramu 20 hadi 30 kwa kilo ya rangi. Changanya kiasi cha kazi ya siku hiyo peke yake, kwa sababu ikishaingia, rangi huanza kujifunga ndani ya ndoo, na baada ya saa chache inakuwa nzito. Iliyobaki usiirudishe kwenye kopo kuu. Osha skrini mara tu unapomaliza, maana rangi yenye fiksa ikikauka kwenye wavu umeupoteza wavu huo.

Fulana zenye fiksa zianikwe kivulini penye upepo kwa siku 3 wakati wa kusi. Wakati wa mvua zipe wiki nzima. Hata hivyo, kuzipitisha chini ya pasi baada ya siku hizo, kwa dakika moja tu kila mkao, kunaongeza uimara kwa kiasi ambacho utakiona kwenye ufuaji. Vaa glovu unapoishika na kaa mahali penye hewa, kwa kuwa baadhi ya fiksa hutoa mvuke unaochoma macho na koo.

Nunua akiba kabla ya masika. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, mikoa ya Lindi na Mtwara ilikosa njia yake ya kawaida ya lori kutoka huko. Kopo la fiksa lililofungwa vizuri na kuwekwa mahali pa baridi na giza linakaa miezi. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi.

Jezi za poliesta

Yote niliyosema juu ya 160 ni kwa pamba. Jezi za mpira ni poliesta, na poliesta ina tabia yake: ikipata joto jingi, rangi ya kiwandani iliyotiwa kwenye uzi huanza kuhama na kuingia kwenye rangi uliyochapa. Namba nyeupe uliyopiga juu ya jezi nyekundu ya Simba inageuka ya waridi, wakati mwingine siku mbili baada ya mteja kuichukua. Kwa poliesta tumia rangi au fiksa inayoiva kwenye nyuzijoto 120 hadi 130, na uipe muda mrefu zaidi. Kama hujui kitambaa ni nini, jambo la kawaida kwa mitumba iliyokatwa lebo, chomoa uzi kwenye pindo la ndani uuchome. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Ikionyesha yote mawili, ni mchanganyiko, na uitendee kama poliesta.

Kupima bila kubahatisha

Vile vipimajoto vya bastola vilivyosambaa kwenye milango ya ofisi na hoteli wakati wa korona havikufai. Vilitengenezwa kwa joto la mwili, na ukivielekeza kwenye presi havitasoma. Unachohitaji ni cha mafundi, kinachosoma hadi nyuzijoto 300 au zaidi. Kielekeze kwenye picha yenyewe mara unapofungua presi, si kwenye sahani ya chuma inayong'aa, kwa sababu chuma kinachong'aa hukidanganya kipimo na kusoma chini ya ukweli. Ukisoma 130 kwenye rangi wakati kioo kinasema 160, umepata jibu la maswali yako mengi.

Lakini hakimu wa mwisho ni beseni. Kwa kila rangi mpya, kila kitambaa kipya na kila mabadiliko ya majira, chapa kipande cha majaribio. Kiivishe namna utakavyoivisha oda. Kiache siku nzima, kisha kikate vipande viwili. Kimoja kihifadhi. Kingine kifue namna mteja wako anavyofua, si namna ya mashine: mche wa sabuni, maji ya kisima yaleyale, kusugua kwa mikono, na brashi kama unajua ni fulana ya mvuvi au ya fundi. Rudia mara tano, ukikausha juani kila mara. Viweke viwili hivyo pamoja. Kabla hata ya kufua, sugua picha kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikipokea rangi nyingi, usijisumbue na beseni, rudi kwenye moto.

Rangi ikiwa imepauka sawasawa picha nzima, muda wa moto haukutosha au pigmenti ilizidi. Ikiwa imepauka pembeni na kubaki katikati, pasi au presi haikufika pembeni. Ikiwa imepasuka ukiivuta, umepiga rangi nene mno, na wavu wako una matundu makubwa kuliko kazi inavyotaka. Kwa rangi ya maji, wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita unafaa maandishi mapana na rangi nyeupe juu ya nyeusi, na wa 77 unafaa michoro yenye mistari membamba, kama nakshi za sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, ambazo ninatamani kuziona kwenye fulana nyingi zaidi kuliko picha za simba na pundamilia.

Andika matokeo kwenye daftari na ubandike kipande kilichofuliwa pembeni yake: rangi gani, fiksa kiasi gani, joto, dakika, mwezi gani, mvua au jua. Oda ya pili ya mteja yuleyule utaifanya kwa kufungua ukurasa.

Zikishaiva, ziache zipoe kabisa kabla ya kuzikunja. Fulana zilizorundikwa zikiwa na moto hugandana, picha ya moja ikaacha kivuli mgongoni mwa nyingine. Weka karatasi kati yake, na usizifunge kwenye nailoni siku hiyohiyo. Unapomkabidhi mteja, mwambie kwa mdomo na umwandikie kwenye kikaratasi: asiifue kabla ya siku 7, aigeuze nje ndani, asiiloweke usiku kucha, asitie dawa ya kung'arisha nguo, na akipiga pasi apige kwa ndani. Maji uliyooshea skrini usiyamwage kwenye mfereji unaoingia mikokoni, chimba shimo mbali na kisima, na rangi iliyokauka ndani ya ndoo ibandue uitupe na taka ngumu.